Kitambaa Kilichoguswa

Walipomzika Elizabeti, mchungaji alisimama mbele ya jeneza akasema kwamba marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumjibu mkubwa wake neno baya. Kanisa zima likaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na mtandio wangu, Mwislamu peke yangu katika safu ile ya wazee, nikauma ulimi. Msibani hukosi uongo, ndiyo ada yetu, na mara nyingi uongo wenyewe hauna madhara: mlevi huambiwa alikuwa mchangamfu, bahili huambiwa alikuwa mwangalifu. Lakini huu wa Elizabeti ulinichoma. Nimemjua mwanamke yule tangu ujana wetu. Upole alikuwa nao, sikatai, ila alikuwa akiutoa kwa kipimo, na kwa anayestahili. Kumzika Elizabeti kwa sifa ya kutomjibu mkubwa ni sawa na kumzika mtu mwingine kabisa ndani ya jeneza lake, na mimi sikwenda pale kumzika mtu mwingine.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake Usagara, tukala wali, na mjukuu wake Neema akaja kukaa nasi mkekani. Neema anafanya kazi ng'ambo, katika kiwanda kinachotengeneza vipuri vya setilaiti, na kazi yake ni ukaguzi. Wazee wakamtaka aeleze anakagua nini. Akasema kila skrubu inayokwenda angani ina ukoo wake: inajulikana ilitoka katika chuma kipi, ikapita mikono ya nani, ikalala ghala gani. Katika fungu moja huchukuliwa chache zikavunjwa makusudi, na moja ikivunjika kabla ya kiwango chake, fungu zima linatupwa. Akasema wakiingia chumba cha kazi hufunikwa mwili mzima, nywele ndani, bila manukato wala mafuta ya kupaka, maana mafuta ya kidole tu, kule juu kusiko na hewa, hugeuka mvuke ukaenda kukaa juu ya kioo cha kamera na kukitia ukungu. "Na kule juu, bibi, hakuna fundi wa kupanda ngazi akafute." Wazee walicheka, wakaona ni deko la Wazungu. Mimi nikamwuliza: "Na mwenye kiwanda akiingia na manukato yake, akagusa?" Akajibu bila kufikiri kwamba kilichoguswa kinatolewa, hata aliyegusa awe nani. Nikamwambia, mwanangu, bibi yako aliyajua hayo kabla mama yako hajazaliwa. Akanitazama kwa adabu, kama vijana wanavyowatazama vikongwe wanaoanza kuchanganyikiwa. Basi nayaandika, ayasome akiwa na nafasi, na mchungaji naye akitaka ayasome.

Mwaka wenyewe ni hamsini na saba, ule ambao Warusi walirusha angani mwezi wao wa chuma, setilaiti ya kwanza. Nilikuwa msichana wa kuposwa, nakaa na shangazi yangu Bi Mwanasiti katika mtaa wa Mabawa, na kazi yangu ilikuwa kushona mabawa ya ndege. Utani huo niliusikia kila asubuhi kutoka kwa kila mtu aliyedhani ndiye wa kwanza kuubuni. Ndege ndogo za siku zile, za kunyunyizia dawa ya nzige na kupelekea barua, hazikuwa bati tupu kama za leo. Bawa lilikuwa mifupa ya mbao iliyovishwa kitani. Kitani kikashonewa kwenye zile mbavu kwa sindano ya urefu wa shubiri mbili na uzi uliopakwa nta ya nyuki, kila pigo na fundo lake, halafu juu yake ikapakwa dawa ya kukazia mpaka kitambaa kikawa kinalia kama ngoma ukikipiga kidole. Dawa ile ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tulirudi nyumbani tukinuka ndizi, tukalala tukinuka ndizi, na mpaka leo nikipita kwenye genge la ndizi mbivu vidole vyangu vinatafuta sindano.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa karakana, pembeni mwa uwanja wa ndege: meza mbili ndefu, madirisha ya wavu, sakafu ya saruji iliyofagiliwa mpaka ikang'aa, na karai la maji mlangoni. Meza moja yangu, ya pili ya Elizabeti. Yeye alikuwa Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mume wake kibarua wa shamba la mkonge, na mwanawe mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule ya misheni. Alinizidi umri, nikamwita dada. Chakula tulikula nje, chini ya upenu, yeye na makande yake kwenye mkebe, mimi na bada la muhogo na samaki wa kukaanga, na kila mmoja akimsimanga mwenzake kwa chakula chake kabla ya kukiomba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Waliomwona hivyo wakadhani maneno hana, na hapo ndipo walipokosea, mchungaji akiwa wa mwisho wao.

Mkaguzi wetu alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, aliyekwisha kuukaribia uzee, anayetembea na rula ndani ya soksi. Wafanyakazi wote walimwita Bwana Kipimo, naye alilijua jina hilo na nadhani lilimpendeza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha bara cha kuamrishia wapagazi, ila yeye hakukitumia kuamrisha, alikitumia kuuliza. Kila tuliposhona mshono wa bawa, tulishona na kipande kingine pembeni, kitani kilekile, uzi uleule, mkono uleule. Kipande hicho alikitundika, akakifunga mifuko ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, mpaka kikachanika. Siku ya kwanza kuona mshono wangu mzuri ukichanwa makusudi nilitaka kulia, nikamwuliza ana ugomvi gani na kazi yangu. Akakionyesha kile kipande, kisha bawa. "Hii nakufa," akasema, "ile napona." Kama kipande kilichanika mapema, bawa zima lilivuliwa nguo likashonwa upya. Na kitani kilichokataliwa, kiwe kimekataliwa kwa sababu yoyote, kilikatwa msalaba kwa mkasi papo hapo. Hilo lilituuma sisi wawili kuliko yote. Sisi ni watu wa kutia viraka, kwetu kukata kitambaa kizima ni israfu mbele ya Mungu, wa kwake na wa kwangu. Bwana Kipimo akasema lazima kikatwe, ama sivyo siku moja mtu atakihurumia, akirudishe kabatini, na mwingine akishone bila kujua. Mkasi mkubwa ulitundikwa ukutani kwa kazi hiyo, Elizabeti akawa mkataji, mimi nikawa mwenye kuunoa.

Msimu wa masika likatokea jambo. Bawa moja lilipakwa dawa, na kando ya mshono dawa ikakataa. Ilijikusanya matone matone kama maji juu ya jani la magimbi, na ilipokauka kitambaa kikaachwa na madoa laini, legelege, ambayo upepo ukiingia chini yake unaweza kukibambua chote ndege ikiwa juu. Wakaulaumu uzi, wakaulaumu unyevu wa masika, wakabadilisha debe la dawa. Madoa yakarudi. Basi Bwana Kipimo akaja na kiti, akaketi, akatutazama tunavyoshona. Mimi nashona zangu. Sindano ikianza kuwa nzito naipitisha nyweleni, mara mbili, nyuma ya sikio, halafu naendelea. Hivyo ndivyo alivyonifundisha shangazi, naye alifundishwa hivyo. Mshonaji gani wa pwani asiyelainisha sindano kichwani mwake? Na nywele zangu, kama za kila binti wa mji ule, zilikuwa zimekolea mafuta ya nazi. Akauliza: "Wewe nafanya nini?" Nikamwambia, nailainisha sindano. Akaichukua, akaifuta kwenye karatasi, karatasi ikapitisha mwanga. Hakunikemea. Alitikisa kichwa tu, akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, akasema amekaa chumbani mle na sisi miezi yote hiyo, ameliona jambo lile kila siku na hakuliona.

Sikuona haya wakati ule na sioni sasa. Mafuta ya nazi si uchafu. Ndiyo yaliyotukanda tulipozaliwa, na mwenye kuyaita uchafu mbele yangu atajua hajui. Nilichoelewa ni kwamba dawa ile na mafuta yale haviwezi kukaa nyumba moja, na kwamba nyuma ya lile bawa hukaa mtu. Mtu huyo alikuwa Hamisi, mtu wa Mkwaja, mwenye kuendesha pampu ya dawa ya nzige, anayeruka kila siku amekaa nyuma ya rubani huku akiimba. Kanuni mpya ikatoka. Hakuna mafuta nyweleni, kichwa kifungwe kitambaa cheupe kilichofuliwa, mikono inawiwe kwa sabuni ya mche na ndimu, na mstari mwekundu ukapakwa sakafuni hapo mlangoni: asiyetimiza hayo asiuvuke, na kitambaa kikiguswa na asiyenawa, kimekufa. Elizabeti akauliza swali moja tu. "Na bwana mkubwa?" Alimaanisha meneja, ambaye alikuwa amesimama palepale. Bwana Kipimo akasema: "Hata yeye. Hata mimi." Meneja akacheka akaafiki, na baadaye akawa akiwaonyesha wageni ule mstari kama mtu anavyoonyesha farasi wake.

Kwao ilikuwa rangi tu sakafuni. Kwangu kanuni ile ilihamia nyumbani. Kwetu mwanamke anayeacha mafuta, anayeacha udi na asumini, akafunga kichwa kitambaa cheupe, ana jina lake: ni mjane aliye katika eda. Mimi nilikuwa sijaolewa. Nilikuwa nimeposwa na Bakari, karani wa bandarini, kijana mzuri, mwenye sauti ya taratibu, ambaye nilimpenda, nalisema wazi. Shangazi alinitazama siku ya kwanza nilipoziosha nywele zikabaki kavu, akaweka chini kibao cha mbuzi alichokuwa akikunia nazi, akasema: "Mwanakombo, eda hii unamkalia nani?" Nikamweleza. Akasikiliza yote ya dawa na bawa, akasema, "Haya, nimesikia. Eda unamkalia nani?"

Haukupita muda mama yake Bakari akaja. Alikaribishwa kahawa na visheti, akala kwa heshima, kisha akanielekea mimi niliyekuwa nimekaa pembeni.

"Mwanangu yu hai, alhamdulillahi," akasema. "Mbona mwenzetu keshavaa nyeupe?"

"Shikamoo, mama. Ni kanuni ya kazini."

"Marahaba. Kanuni ya kazini ikae kazini. Ndege ikikosa mafuta, na mkwe wangu naye akose?"

Hata shangazi alicheka, na mimi ningecheka kama si mimi niliyechekwa. Lakini yule mama hakuwa akifanya mzaha. Alisema binti anayejifunga kama mjane kabla ya ndoa anamchuria mume wake, na kwamba ama niache kazi, ama wao watafikiri upya. Bakari mwenyewe alikuja Ijumaa baada ya swala, akakaa barazani, akauliza kwa ile sauti yake kama ni lazima. Nikasema ni lazima. "Lazima kwa nani? Kwa Wazungu?" Swali lilikuwa na haki yake. Mwaka ule watu walikuwa wanajifunza kuuliza hivyo, kwenye mikutano, kwenye vibanda vya kahawa, hata msikitini. Nikamjibu: "Kwa Hamisi wa Mkwaja, anayekaa nyuma ya bawa hilo. Ana wake wawili, na wote wawili sitaki wakae eda ya kweli." Sikumwambia sababu ya pili, nitaisema hapa. Nilikuwa naipenda kazi ile kwa pupa. Palikuwa mahali pa kwanza maishani mwangu ambapo nilichofanya kilipimwa chenyewe, kikatundikwa na mchanga, bila mtu kuuliza mimi ni binti wa nani. Nywele kavu zilikuwa bei yake, na nilikuwa tayari kuilipa, ila kwa sharti kwamba kila mtu alipe.

Ndipo likaja jambo la mwezi wa Warusi. Mafundi wa injini walilisikia redioni, wakawa wanabishana chini ya upenu wakati wa kula: mmoja anasema ni mpira wa chuma, mwingine anasema ni uongo wa vita, wa tatu anasema ameuona kwa macho yake ukipita juu ya Pangani. Elizabeti alitafuna makande yake mpaka wakachoka, kisha akamgeukia Bwana Kipimo, aliyekuwa akinywa chai yake amesimama kama kawaida. "Waliushona kwa uzi gani?" akauliza. Mafundi wakaangua kicheko. Bwana Kipimo hakucheka. Alisema hajui, lakini anajua jambo moja, kwamba kabla ya ule uliorushwa, lazima walivunja mingi. Kisha akasema ndege ikifunguka mshono itatua shambani, lakini kile cha Warusi fundo likilegea nani atapanda kulifunga? Hakuna wa kumwomba radhi kule juu. Neema aliponiambia habari ya fundi na ngazi, hapo mkekani Usagara, nilimsikia Bwana Kipimo akizungumza kwa kinywa cha mtoto wa Kishambaa.

Baadaye kidogo Bwana Kipimo akaitwa Nairobi. Tulikuwa tumemaliza kushona bawa la ndege kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, jeupe, safi, limelala juu ya vibao likingoja dawa asubuhi yake. Alasiri meneja akaja na wageni wawili, mabwana wa mashamba ya mkonge waliotaka kukodi ndege zake. Meneja yule alikuwa na nywele nyeusi za kulala, anazipaka mafuta ya kopo mpaka zinameta, na alikuwa na mazoea, kila anapotaka kusema jambo kubwa, ya kuzipitisha kiganja kutoka paji mpaka kisogoni. Akasimama mstarini. Akasema jambo kubwa, akapitisha kiganja. Kisha akauvuka mstari, na wageni nyuma yake, akaweka kiganja kilekile juu ya bawa letu akakiteremsha taratibu kando ya mshono, mwanzo mpaka mwisho, kama anayempapasa ng'ombe mnadani.

"Bwana," nikasema, "umegusa."

Akauliza nini. Nikasema tena. "Umegusa na hukunawa. Kitambaa kimekufa."

Wageni wakatazamana. Meneja akacheka, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika kwamba ndege ni yake, kitambaa chake, mkono wake, na kesho kipakwe dawa.

"Na nywele zangu ni zangu, bwana," nikamwambia, "na nimezikausha tangu masika."

Akaniambia nifunge mdomo. Nilikuwa nimeshaufungua vya kutosha na nilikuwa bado nao mwingi, nikawa natafuta pa kuanzia. Hapo ndipo Elizabeti aliponyanyuka. Alikwenda mlangoni kwenye karai, akanawa. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa ndimu, akajikausha kidole kimojakimoja huku mabwana watatu wakimtazama bila kujua wanatazama nini. Akakaza kitambaa chake kichwani. Akatungua mkasi mkubwa ukutani, akalifikia bawa, akakata msalaba. Kitani kilichokazwa kikikatwa hulia, na kililia chumba kizima. Akarudisha mkasi mahali pake akaketi mezani kwake. Hakusema neno hata moja, na labda ndicho alichosikia mchungaji. Meneja alipopata sauti alitufukuza sote wawili, tukapita katikati ya mafundi waliokuwa wamekuja kuchungulia.

Njiani nilimwambia, dada, una mtoto shule. Akasema: "Najua. Wewe una mchumba." Tukaendelea kutembea.

Shangazi alinisikiliza akiwa amesimama. Niliogopa atasema afadhali, sasa tutapaka mafuta tuolewe. Badala yake akauliza, na sauti inapanda: "Yaani wewe ukaushwe kama mjane, mji mzima ukuseme, halafu yeye ajipake mafuta aje apapase?" Nikasema ndiyo. "Basi kesho unarudi." Nimefukuzwa, shangazi. "Afukuzwe aliyegusa!" Akakichukua kitambaa changu cha kichwa, kile alichokichukia miezi yote, akakifua, akakitia wanga, akakipiga pasi. Asubuhi alinifunga mwenyewe. Tukakaa nje ya lango la karakana, mimi na Elizabeti, vichwa vyeupe, kila siku ya kazi mpaka Bwana Kipimo aliporudi. Mlinzi aliona haya kutuondoa, akawa anatuletea chai. Watu wa mjini waliopita walizungumza, na maneno yakamfikia mama yake Bakari, kwamba mkwewe mtarajiwa anakaa eda hadharani langoni pa Wazungu. Alipeleka mtu kuivunja posa. Bakari hakuja. Nililia sana, na sikulia langoni. Miaka mingi nimeulizwa kama ilistahili, na waulizaji wote ni watu ambao hawajawahi kupimwa kwa kitu kingine isipokuwa ndoa.

Bwana Kipimo aliporudi alituona kutoka ndani ya gari. Hakusimama. Baada ya muda mlinzi akaja kutuita. Tukamkuta chumbani kwetu na meneja, lile bawa lililokatwa limelala palepale. Meneja anaeleza, mkono unapita nyweleni. Bwana Kipimo akachukua kipande kile kilichopapaswa, akakibana kwenye fremu, akakipaka dawa, na sote tukasimama tukingoja kikauke. Nilikuwa na hakika vidole vitano vya meneja vitatokea pale mbele yetu sote. Havikutokea. Dawa ilishika mwanzo hadi mwisho, kitambaa kikakaza, Bwana Kipimo akakipiga kidole kikalia vizuri. Meneja akapiga makofi. Nilimtazama Elizabeti, naye alikuwa akimtazama Bwana Kipimo kama anayemtundikia mchanga.

Bwana Kipimo akatoa mhuri wa wino mwekundu, ule wa kukataa, akaupiga juu ya kitani. Meneja akapaza sauti kwa lugha yao. Hata asiyeijua angejua anasema, lakini kizima! Bwana Kipimo alimjibu kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiswahili chake, makusudi, ili tusikie. "Mimi hapana uliza kama napona. Mimi nauliza kama naguswa." Akaionyesha ile alama ya mkasi. "Kitambaa nakufa saa ile bwana nagusa. Mama hii nakata maiti. Kukata maiti ni kazi yake." Nimesikia hotuba nyingi tangu siku ile, za kudai haki na za kusherehekea haki, nyingine za watu waliosoma sana. Bado sijasikia iliyoninyoosha mgongo kama ile, na ilikuwa katika Kiswahili kibovu kuliko vyote.

Kwa hiyo hatukuweza kufukuzwa. Lakini mkubwa aliyeshindwa kwa kanuni hutafuta adabu, na meneja akasema tutarudi kazini kwa sharti la kumwomba radhi, wote wawili, mbele ya wafanyakazi wote, asubuhi kwenye mwito wa majina. Bwana Kipimo akatazama chini. Kanuni zake hazikuwa na kifungu cha radhi. Usiku ule sikulala kwa kupanga maneno. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ya kukataa, yenye nywele zangu, na Bakari, na Hamisi wa Mkwaja, na yeye meneja, na ukoo wake. Ilikuwa hotuba ya kufukuziwa kazi mara ya pili na nilikuwa naiona tamu.

Asubuhi tulipangwa mbele. Mafundi, wapakuzi, rubani, mlinzi, Hamisi mwenyewe akiwa na pampu yake begani. Meneja kiganja nyweleni. Akamwelekeza kidole Elizabeti aanze, nadhani kwa sababu alimwona mpole. Nilikumbuka mwenzangu ana mtoto shule, nikajisemea moyoni, akiomba radhi sitamlaumu.

Elizabeti akapiga goti kidogo kama walivyolelewa kwao milimani.

"Naomba radhi, bwana," akasema, sauti ya kanisani, kila mtu aisikie. "Mkasi ulikuwa butu. Ulikata vibaya."

Hamisi akakohoa, kisha mlinzi, na kikohozi kikaenea uwanja mzima mpaka kikaacha kujificha kikawa kicheko. Bwana Kipimo alikuwa ameinama akitafuta kitu ndani ya soksi yake. Meneja, uso umemwiva, akanigeukia mimi haraka, kama mtu anayetaka kuokoa kilichobaki. "Na wewe?"

Hotuba yangu yote ikanitoka kichwani. Sikuihitaji tena.

"Kunoa ni kazi yangu, bwana," nikasema. "Leo nitaunoa."

Tukaingia ndani, tukanawa. Nikautungua mkasi, nikachukua jiwe la kunolea, nikaketi kwenye kiti changu kando ya mstari. Meneja alipita na wageni wengine, mikono yote miwili ameitia mifukoni, akawaonyesha chumba kutokea nje. Nikaunoa mkasi ule mpaka saa ya chai, na mlango nikauacha wazi ili asikie.